Ukuta wa Mawe na Mikono Iliyoujenga

Nataka kuwasimulia kosa nililotaka kulifanya mbele ya watu wote, na jinsi nilivyozuiwa nisilifanye na bibi mmoja asiyejua kusoma, pamoja na mto mmoja ulio mbali sana na kwetu.

Penye kivuko cha mto wetu pana ukuta wa mawe wa zamani. Si mrefu, mtu aweza kuumaliza kwa hatua sitini. Ulijengwa wakati wa vita vya 1939 hata 1945, watu walipokuwa wakitolewa vijijini kwa lazima kwenda kazini. Kazi yake ilikuwa kuzuia maji ya masika yasile ukingo ule ambapo mitumbwi ilipakia mizigo. Leo liko daraja juu kidogo ya mto, na kivukoni hawapiti ila wavuvi, na wanawake waendao kufua.

Mwaka uliopita shule yetu ilihitaji vyumba viwili vipya. Mchanga tulikuwa nao, na saruji tuliahidiwa. Mawe ya msingi tu hatukuwa nayo. Mtu mmoja wa kamati akasema, "Mawe yapo kivukoni, tena yamekwisha chongwa." Shauri hilo likapendeza watu. Ndipo niliposimama mimi, mwalimu wao, nikanena. Nikasema kwamba ukuta ule ni kumbukumbu ya uonevu; kwamba babu zetu waliyabeba mawe yale kwa kupigwa; na kwamba haifai yakae bure mtoni yakiwasifu waliotuonea. Na tuyabomoe, nikasema, tuyaweke chini ya shule, ili mawe ya utumwa yawe mawe ya elimu. Nasema kweli, niliyapenda maneno yangu mwenyewe siku ile. Watu wakapiga makofi.

Makofi yalipokwisha, bibi mmoja, mzee sana, akaomba kusema. Hakusimama, maana miguu yake haina nguvu. Akasema, "Mwalimu, mwanangu, umesema vizuri. Baba yangu alitolewa nyumbani kwenda kuujenga ukuta ule. Akarudi mguu wake umevunjika, akachechemea hata siku ya kufa kwake. Hakuna karatasi yenye jina lake popote. Nikitaka kumwonyesha mjukuu wangu kwamba baba yangu alikuwapo duniani na alifanya kazi, humpeleka pale. Ukiisha kuyachukua mawe yale, nimpeleke wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwenyekiti akaahirisha shauri kwa mwezi mmoja.

Usiku ule sikulala upesi. Nikakumbuka kitabu cha habari za bandari nilichokisoma nilipokuwa chuo cha ualimu. Ndani yake mlikuwa na picha ya ukuta mrefu wa mawe uliotoka pwani hata kufika kwenye kilima kilichosimama baharini, na juu ya kilima mnara wa taa. Zamani zile niliitazama picha kwa uzuri wake, nikageuza ukurasa. Sasa nilitaka kujua ni nani walioyabeba mawe yale, nikatafuta habari zake kwa bidii katika siku zilizofuata. Hizi ndizo nilizozipata.

Ukuta huo uko Australia, katika jimbo la New South Wales, kwenye mlango wa Mto Hunter, mahali unaposimama mji wa Newcastle, mwendo wa kilometa 160 hivi kaskazini ya Sydney. Wenyeji wa asili wa mahali hapo ni Waawabakal. Waingereza waliujua mto huo mwaka 1797, ofisa mmoja wa merikebu, John Shortland, alipokuwa akiwatafuta wafungwa waliotoroka. Hakuwapata wafungwa, lakini alipata makaa ya mawe, nao mto wakauita kwa jina la gavana wao, John Hunter. Tangu mwaka 1804 wakaweka pale kituo cha kudumu cha wafungwa.

Itafaa nieleze wafungwa hao walikuwa watu gani. Siku zile Waingereza waliwapeleka wahalifu wao ng'ambo ya bahari, wengine kwa miaka 7, wengine kwa miaka 14, na wengine maisha yao yote, na wengi wao kosa lao lilikuwa wizi wa vitu vidogo. Waliokosa tena baada ya kufika Sydney, hao ndio waliopelekwa Newcastle. Huko wakachimba makaa ya mawe, wakakata miti, wakachoma makome ya chaza ili kupata chokaa. Waliofanya ukaidi walipigwa mijeledi.

Basi mlango wa mto ule ulikuwa na taabu yake. Katikati ya mlango palikuwa na kisiwa kidogo chenye kilima kirefu. Waingereza walikiita Nobbys. Waawabakal walikuwa wakikiita Whibayganba tangu zamani za zamani. Kwa sababu ya kisiwa hicho maji yalipita njia mbili, moja kaskazini yake na moja kusini. Kila aliyelima kwa mfereji ajua mambo haya: maji yaliyogawanyika hayana nguvu ya kusukuma mchanga, nao mchanga hutulia na kuwa mafungu. Ziba mfereji mmoja, na ule mwingine utajichimba wenyewe. Tena kwa njia ile ya kusini mawimbi ya bahari kuu yaliingia bandarini yakazisumbua merikebu zilizotia nanga. Shauri lao likawa kujenga ukuta wa mawe kutoka bara hata kisiwani, ili kuvunja mawimbi na kuyakusanya maji ya mto katika njia moja.

Gavana Lachlan Macquarie akaweka jiwe la msingi tarehe 5 Agosti 1818, na ukuta ukapewa jina lake. Kisha gavana akarudi Sydney, na wafungwa wakabaki na mawe. Mawe mengine yalivunjwa kwenye rasi iliyoko upande wa bara, na mengine juu ya kile kilima chenyewe cha Nobbys. Wakayatupa baharini, na bahari ikayatawanya, wakayatupa mengine. Mwaka 1823 kazi ikasimama, kwa kuwa wafungwa walikuwa wamehamishiwa kituo kingine mbele zaidi. Katika miaka ya 1830 kazi ikaanza tena, na miongoni mwa waliopelekwa huko walikuwamo watu wenye minyororo miguuni. Ukuta ulikwisha mwaka 1846. Hesabuni wenyewe: tangu jiwe la kwanza hata mwisho ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku lilipowekwa jiwe la msingi angekuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku kazi ilipokwisha.

Na kilima je? Kilikuwa na urefu uliopita mita 60. Leo hakifiki mita 30. Kichwa chake kilikatwa, kikawa ukuta na uwanja wa mnara wa taa, ambao taa yake inawaka tangu mwaka 1858. Tena katika miaka ya 1850 palikuwa na shauri la kukivunja kabisa kwa baruti, wakachimba na mashimo ya kuitia baruti hiyo. Walakini watu wa mji wakapinga, shauri likaachwa. Basi kilima kimesimama mpaka leo kwa sababu watu wa kawaida walisema hapana kabla baruti haijawashwa. Niliposoma habari hii nilimkumbuka bibi yangu wa mkutanoni.

Lakini kwa Waawabakal kilima kile hakikuwa fungu la mawe tu. Masimulizi yao husema kwamba ndani yake amefungwa kangaruu mkubwa aliyevunja sheria ya ndoa, na kwamba mara kwa mara huupiga mkia wake chini, na nchi hutetemeka. Nasi tusicheke. Tarehe 28 Desemba 1989 tetemeko la nchi liliupiga mji wa Newcastle, watu 13 wakafa. Wazee walioyasimulia hayo walikuwa wameijua nchi yao kwa muda mrefu kuliko gavana awaye yote.

Liko na jambo lingine, zito zaidi. Aliyekuwa mkuu wa kituo siku ukuta ulipoanzwa ni Kapteni James Wallis. Miaka miwili kabla yake, katika Aprili 1816, kapteni huyo huyo, kwa amri ya kampeni iliyotolewa na Gavana Macquarie, aliwaongoza askari usiku mahali panapoitwa Appin, na wenyeji 14 kwa uchache wakauawa, wanawake na watoto wamo. Jina la gavana liko juu ya ukuta. Majina ya waliouawa Appin, walio wengi, hayakuandikwa, wala majina ya wafungwa hayakuchorwa juu ya mawe waliyoyabeba.

Miongoni mwa Waawabakal palikuwa na mtu jina lake Biraban. Mmisionari Lancelot Threlkeld, aliyefika Newcastle mwaka 1825 na kukaa karibu na ziwa lililo kusini ya mji, alifundishwa lugha na Biraban huyo. Wakafanya kazi pamoja miaka mingi, na Injili ya Luka ikageuzwa katika lugha ya Kiawabakal. Sisi tunaosoma Injili kwa lugha yetu tunajua kazi hiyo ni kubwa jinsi gani. Biraban alikufa mwaka 1846, mwaka ule ule ukuta ulipokwisha. Injili ile haikuchapwa ila mwaka 1891, na siku hizo waliobaki wa kuisoma walikuwa wachache mno. Nilipoziona tarehe hizo mbili zimekutana, nilifunga kitabu kwa muda. Mwaka mmoja ulimaliza ukuta, na ukamchukua mwalimu wa lugha.

Sasa mtaniuliza: ukuta wa namna hii una thamani gani hata watu wautunze? Je, kuihifadhi kazi ya mwonevu si kumheshimu mwonevu? Hilo ndilo lililokuwa neno langu mkutanoni, tena ni neno lenye nguvu. Lakini nililitazama upya.

Kwanza, ukuta si kazi ya gavana. Gavana aliweka jiwe moja, nalo kwa sherehe. Mawe mengine yote ni kazi ya watu ambao ulimwengu haukutaka kuwakumbuka. Ukiuvunja ukuta ili kumwondolea gavana sifa, humpotezei gavana kitu; jina lake limekwisha andikwa katika vitabu, katika maziwa, katika njia na katika miji. Unayempotezea ni yule mfungwa, maana hana kitabu kingine ila jiwe lile.

Pili, jiwe ni shahidi asiyependelea upande. Ukuta wa Newcastle hauonyeshi ustadi peke yake, unaonyesha na gharama yake. Kilima kilichokatwa kichwa kinaonekana na kila mtu, hata na asiyejua kusoma. Na kasoro zake pia zinaonekana. Upande wa kusini mchanga umejilundika ukawa ufuko mzuri ambapo watu huoga. Lakini upande wa pili wa mlango, huko Stockton, bahari imekuwa ikiula ufuko, na kuta za mlango wa mto zahesabiwa miongoni mwa sababu. Wala bahari haikushindwa kabisa: mwezi wa Juni 2007 meli kubwa iitwayo Pasha Bulker, iliyokuwa ikingoja kupakia makaa ya mawe, ilitupwa na dhoruba juu ya ufuko ule ule wa Nobbys, karibu na ukuta. Maji hufuata mkondo, na mwenye kuyageuza na ajue kwamba yatatafuta pa kwenda.

Tatu, watu wa huko hawakuuhifadhi ukuta kwa kunyamaza. Mahali pale pameandikwa katika daftari la serikali ya jimbo la mahali pa urithi. Na mwaka 2016 kilima kilirudishiwa jina lake la kwanza, likawekwa pamoja na lile la Kiingereza, hata sasa huitwa kwa majina yote mawili. Ukuta wa kwanza wenyewe hauonekani sana, kwa kuwa wa baadaye waliuongeza mawe makubwa zaidi, nao umefunikwa chini. Mtu aendaye kwa miguu hata kwenye mnara wa taa hupita juu ya kazi ya wafungwa asiione. Ndiyo maana hapana budi aambiwe.

Hapo ndipo nilipolitambua kosa langu. Nilifikiri kwamba kuna njia mbili tu, ama kuusifu ukuta, ama kuubomoa. Iko njia ya tatu, nayo ni kuuacha usimame na kusema kweli yote mbele yake. Katika Maandiko mwajua habari za Yoshua na mawe kumi na mawili yaliyotolewa katika Yordani. Hayakuwekwa yawe mapambo. Yaliwekwa ili watoto waulize, na wazee wajibu. Jiwe lisiloulizwa habari zake ni jiwe tu, na mzee asiyeulizwa huenda nazo kaburini.

Nikaenda nyumbani kwa bibi yule. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Umekuja kuyachukua mawe?" Nikasema, "La, bibi, nimekuja kulichukua jina la baba yako." Akacheka, kisha akanyamaza kitambo, kisha akanitajia. Nikaliandika katika daftari. Akanitajia na wawili wengine waliokwenda siku moja na baba yake, akanituma kwa mzee wa ng'ambo ya mto, naye akanipa wengine. Mwezi ulipokwisha nilikuwa na majina 11. Najua waliojenga walikuwa wengi zaidi. Hayo ndiyo niliyoyawahi.

Mkutano ulipokutana tena nikasimama, nikasema mbele ya watu wale wale walionipigia makofi kwamba nilikosa, na kwa nini. Safari hii hakupiga makofi mtu. Baba mmoja akasema kwa uchungu, "Mwalimu, wafu hawanyeshewi na mvua, watoto wetu wananyeshewa." Neno lake lilikuwa la haki, wala sikulikataa. Tukashauriana hata jioni. Mwisho ikakubaliwa ukuta uachwe, na mawe yatafutwe mlimani, kila nyumba itoe siku zake za kazi. Kazi ile ilituchukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Masika yote darasa moja lilifundishwa chini ya mwembe, na siku za mvua tuliwarudisha watoto nyumbani. Wako wazazi ambao mpaka leo hawajanisamehe kwa hilo, nami nikiwaona njiani nawasalimu kwanza.

Vyumba sasa vimekwisha. Kila mwaka, maji yakipungua, nawapeleka wanafunzi wangu kivukoni. Huwaambia wauguse ukuta kwa mikono yao, kisha wanyanyue jiwe moja dogo lililoanguka, walipeleke hatua kumi, walirudishe. Kisha tunasoma yale majina 11. Mwaka huu mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na wengine walikuwa nani?" Nikamwambia aende akamwulize babu yake jioni ile ile, asingoje kesho. Akaenda. Sasa majina ni 12.

Wasomaji wangu, katika vijiji vyenu yako madaraja, barabara, visima na kuta za namna hii, nanyi mwapita juu yake kila siku. Kabla hamjauliza ni serikali gani iliyojenga, waulizeni wazee ni nani waliobeba. Chukueni daftari na kalamu, mwandike majina. Nanyi walimu wenzangu, mkiyapata, wasomeeni watoto papo hapo penye mawe yenyewe, msiwasomee darasani tu.